Uliza Ujibiwe: Godoro Lipime kwa Kilo

Barua nyingi za awamu hii ni za godoro: la kununua, lililobonyea, lililolowa, lenye kunguni. Tumezifupisha na kuzijibu hapa. Majina ya waandishi tumeyaacha, tumebakiza mahali wanapotoka.

Naoa mwezi ujao na nimeshapanga nyumba. Nimezunguka maduka ya Majengo na Sabasaba hapa Dodoma kutafuta godoro la tano kwa sita, inchi 8. Nimekuta mawili yamefanana mpaka maua ya kitambaa, ila moja bei yake imezidi karibu nusu. Muuzaji anasema hilo ni HD (high density), yaani la sponji nzito. Duka la pili nao wanasema lao ni HD. Nishike la nani? (Bwana harusi mtarajiwa, Nkuhungu)

Hongera kwa harusi. Herufi HD bila namba pembeni yake hazikuambii kitu, maana hakuna anayemzuia mtu kuzichapa kwenye kitambaa. Ulizia kilo.

Sponji ni povu la plastiki lililoumuliwa. Malighafi ikiwa kidogo na hewa ikiwa nyingi, godoro linatoka kubwa, jepesi na la bei nafuu, lakini kuta za vile vitundu vya ndani ni nyembamba. Ukililalia miezi michache kuta zinavunjika, na mahali pa kiuno panakuwa shimo. Ndiyo maana magodoro mawili ya inchi 8 yanaweza kufanana dukani, na mwaka ukiisha moja likawa limesimama na jingine limekuwa bakuli.

Kiwandani uzito huo husemwa kwa kilo kwa mita ya ujazo. Sisi tunanunua kwa futi na inchi, kwa hiyo fanya hivi: zidisha upana kwa urefu kwa futi, kisha zidisha kwa unene wa inchi, halafu gawa kwa 12. Lako ni 5 mara 6 mara 8, gawa kwa 12: futi za ujazo 20. Sasa lipime godoro. Maduka mengi hayana mizani, lakini jirani hakosekani muuza nafaka mwenye mizani ya kuning'iniza. Likunje, lifunge kamba, litundike. Au panda kwenye mizani ya kupimia watu ukiwa umelibeba, kisha panda bila godoro, utoe. Ondoa kilo 1 ya kitambaa. Kinachobaki gawa kwa zile futi 20.

Ukipata gramu 700 kwa futi moja ya ujazo, hiyo ni karibu kilo 25 kwa mita ya ujazo, na ndicho kiwango cha chini tunachomshauri mtu mzima anayelalia kila siku. Kwa watu wawili, hasa mmoja wao akizidi kilo 80, tafuta gramu 800. Chini ya gramu 500 liache, hata likipunguzwa bei mbele ya macho yako. Kwa godoro lako basi, na kitambaa chake: kilo 11 kushuka chini ni hapana, kilo 15 linafaa, kilo 17 ni zuri.

Tahadhari mbili. Kwanza, usichanganye uzito na ugumu. Ugumu unaweza kutengenezwa kwa kemikali kwenye sponji nyepesi, na sponji nzito inaweza kuwa laini; kwa hiyo kubonyeza kwa kidole dukani hakukuambii godoro litaishi miaka mingapi. Pili, mizani nayo inaweza kudanganywa. Wapo wanaochanganya unga wa chokaa kwenye povu ili liwe zito. Mwombe muuzaji afungue zipu, sugua kona ya sponji kwa vidole viwili: ikiacha unga mweupe au ikimeguka kama mkate mkavu, ondoka. Zipu ikiwa wazi tazama pia kama ni bonge moja au ni vipande vilivyobandikwa kwa gundi, maana maungio yakiwa katikati ndipo litakapokatikia. Ukikuta sponji ya rangi mchanganyiko, vipande vidogo vidogo vilivyogandishwa, hilo ni godoro la makombo. Huwa zito sana, mara mbili au tatu ya sponji ya kawaida, na gumu. Kwa tabaka la chini linafaa. Kulilalia moja kwa moja ni suala la mifupa yako.

Nenda na futi kamba. Inchi 8 za kwenye lebo mara nyingine ni 7 ukipima, na hesabu yote ya juu inategemea unene wa kweli. Tafuta alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na dai risiti yenye ukubwa, unene na tarehe, kwa sababu bila risiti dhamana ni karatasi tu. Na kwa kuwa jina la mji wetu limekuwa jina la magodoro nchi nzima, usidhani kila lililoandikwa Dodoma limetoka Dodoma. Soma jina la mtengenezaji kwenye lebo iliyoshonwa, si lile lililochapwa kwa herufi kubwa juu ya nailoni.

Hesabu hii ni ya sponji tupu. Godoro la springi lina chuma ndani, kilo zake hazisemi chochote.

Nina miaka 58 na kiuno kinanisumbua muda mrefu. Jirani ananishauri nilalie ubao au godoro gumu kabisa. Wanangu wanataka kuninunulia laini la kuzama. Nani ana haki? (Mama mstaafu, Kondoa)

Shikamoo mama. Jirani na wanao wote wamepitiliza.

Ushauri wa kulalia kitu kigumu kama meza ni wa zamani na bado unatembea. Mwaka 2003 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti wa Hispania uliohusisha watu wazima 313 wenye maumivu sugu ya kiuno. Baada ya siku 90, waliolalia godoro la ugumu wa wastani walikuwa na nafuu kuliko waliopewa gumu. Sababu yake inaeleweka: juu ya kitu kigumu unabebwa na mabega na makalio tu, kiuno kinabaki hewani na misuli yake haipumziki usiku kucha. Juu ya laini mno makalio yanazama na mgongo unapinda kwa chini.

Dukani lala chali dakika 10 hivi, usione haya. Mtu apitishe kiganja chini ya kiuno chako. Kikipita bila kugusa, ni gumu mno kwako. Kisipoingia, ni laini mno. Kikiingia kwa kubana kidogo, hilo ndilo. Kisha lala ubavu, mwanao asimame nyuma yako atazame uti wa mgongo. Unatakiwa unyooke kutoka shingoni hadi kiunoni. Jipime kwa uzito wako mwenyewe: godoro linalomfaa mtu wa kilo 90, kwa mtu wa kilo 55 litakuwa gumu.

Angalia na kimo cha kitanda pamoja na godoro. Ukikaa ukingoni, nyayo zikanyage sakafu yote na magoti yawe sawa na nyonga au chini yake kidogo. Kwa watu wengi ni inchi 18 hadi 20 kutoka chini. Kitanda kifupi kinakulazimisha kuvuta kiuno kila unapoamka, na hapo godoro linalaumiwa bure.

Maumivu yakishuka mguuni na ganzi, au ukianza kushindwa kuzuia haja, hilo si la duka la magodoro. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Godoro langu la inchi 8 halijamaliza mwaka na limeshabonyea mistari mistari. Nimelirudisha dukani wakaniambia kosa ni kitanda changu. Wananikwepa? (Mtumishi, Ihumwa)

Huenda wana haki. Mistari mistari ni alama ya chaga. Shimo moja la mviringo kwenye kiuno ndilo linalotuhumu sponji.

Vitanda vingi vya mafundi wa mtaani huja na chaga 6 au 7. Chukua chaga 7 za upana wa inchi 3 kwenye kitanda cha futi 6: zinaacha nafasi ya inchi 8 na nusu kati ya chaga na chaga. Sponji inaning'inia kwenye pengo hilo na kukatwa kwenye kingo za mbao kila unapojigeuza. Inayofaa ni nafasi isiyozidi inchi 3. Chaga 13 za upana ule ule zinaacha inchi 2 na robo tatu. Kwa hiyo ongeza chaga 6, mbao za unene wa inchi 1, uzipange upya zote kwa umbali sawa na kuzipigilia skrubu ili zisitembee. Randa kingo za juu zisiwe kali.

Kitanda cha tano kwa sita au sita kwa sita kinahitaji pia boriti ya katikati, ya 2 kwa 3 au 2 kwa 4, kutoka kichwani hadi miguuni, na mguu wake mmoja unaokanyaga sakafu katikati. Bila mguu huo chaga zinapinda kama upinde, na wawili mnaolala mnajikuta mmekusanyika katikati hata mkiwa mmenuniana.

Mafundi wengine watakuambia weka plaiwudi juu. Inafanya kazi, lakini itobolewe matundu ya inchi 1 kila baada ya inchi 6 kwa pande zote. Plaiwudi nzima inazuia jasho lisishuke, na ukija kuligeuza godoro utakuta ukungu chini.

Kujua kama sponji bado nzima, lilaze godoro kwenye sakafu kavu iliyonyooka siku mbili bila kulilalia. Nyosha uzi kutoka ukingo hadi ukingo juu ya bonde na upime kina kwa rula. Mistari ikirudi, tengeneza chaga uendelee. Bonde likibaki zaidi ya inchi 1 na nusu, sponji imekwisha, na kuliwekea godoro jingine jembamba juu ni kupoteza hela, kwa sababu la juu hufuata shimo la chini. Kama dhamana bado ipo, piga picha ya ule uzi na rula pamoja na picha ya chaga mpya, urudi dukani. Mabishano yatapungua.

Jipya nalo ligeuze kichwa kwa miguu kila mwezi kwa miezi mitatu ya kwanza, baadaye kila miezi mitatu. La sponji tupu lenye nyuso mbili lipindue pia chini juu. Lenye tabaka laini upande mmoja usilipindue.

Nimeacha nailoni kwenye godoro makusudi kwa sababu ya vumbi la huku kwetu, hasa kuanzia Julai upepo ukianza. Lakini mtoto wa miaka 6 anaamka amelowa jasho na anapiga chafya kila asubuhi. (Baba wa watoto wawili, Nala)

Nailoni itoke leo. Ni ya kusafirishia. Jasho linalokosa njia linarudi kwa mtoto, na linalopenya kwenye mshono linabaki ndani.

Badala yake shona au nunua kava la pamba lenye zipu linalofunika pande zote sita, siyo shuka la kukunjia chini. Juu yake shuka. Mchana tandika kitambaa kikubwa cha kuzuia vumbi na ukitoe usiku kwa kukikunja kwa ndani. Kikung'utwe nje, siyo chumbani. Madirisha ya upande unaotoka upepo yafungwe mchana, yafunguliwe jioni upepo ukitulia.

Chafya ina watuhumiwa wawili. Mmoja ni vumbi lenyewe. Wa pili ni utitiri wa vumbi, vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyokula ngozi tunayopukutisha. Hawa hunywa unyevu wa hewani, na hewa ikikaa kavu, chini ya asilimia 50 ya unyevu, hudhoofika na kufa. Ukame wa Dodoma una faida hiyo: kiangazi kinawapunguza chenyewe, na wanaongezeka mvua za Desemba hadi Aprili. Lakini chini ya nailoni umewatengenezea masika ya mwaka mzima.

Kava na mashuka yafuliwe kila wiki mbili kwa maji ya nyuzijoto 60, joto linaloua utitiri. Kipimajoto hakihitajiki. Kwa mwinuko wa mji wetu, kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi. Changanya ndoo 3 za maji yaliyochemka na 2 za bomba, utakuwa juu ya 60 hata beseni likipoza kidogo. Loweka nusu saa kabla ya kufua. Watoto wasisogee karibu.

Godoro lenyewe liegemeze ukutani penye kivuli na upepo kwa saa tatu au nne, mara moja kwa mwezi. Kivuli, tunasisitiza. Tumezoea kuanika magodoro kutwa kwenye jua kali, na sponji ya leo haipendi hivyo: mwanga wa jua huigeuza rangi ya njano, kisha uso wake unakuwa unga. Njano peke yake haina ubaya; unga ndio mwanzo wa mwisho.

Mtoto akianza kubanwa kifua au kukohoa usiku, mpeleke kituo cha afya apimwe pumu.

Shikamooni. Tumehamia hosteli na kuna kunguni. Tumeanika magodoro juani siku nzima, tumepuliza dawa ya dukani, baada ya wiki mbili wamerudi. Mwenzetu anasema tumwagie mafuta ya taa. (Wanachuo wanne, Dodoma)

Marahaba wanetu. Mafuta ya taa msiguse. Sponji ikiwaka haizimiki kirahisi, na moshi wake una gesi za sumu zinazomwangusha mtu kabla moto haujamfikia. Dawa za kupulizia pamba na mahindi nazo zisiletwe chumbani.

Jua limeshindwa kwa sababu sponji huzuia joto. Uso ukiunguza mkono, inchi mbili ndani bado ni vuguvugu, na kunguni hutembea kwenda upande wa chini. Ili afe anahitaji joto la karibu nyuzijoto 50, na mayai yake 55 kwenda juu. Dawa imeshindwa kwa sababu mbili: kunguni wengi duniani wamezizoea dawa za jamii hiyo, na mayai hayadhuriki nayo. Yanaanguliwa kati ya siku 6 na 14, ndiyo hizo wiki mbili zenu.

Kazi ifanyike chumba kizima siku moja, na vyumba vya jirani pia, la sivyo mnahamishiana. Nguo, mashuka, foronya na mapazia viingie kwenye mifuko mkiwa ndani ya chumba, vifungwe, ndipo vitolewe kwenda kulowekwa kwenye maji ya moto. Chandarua chenye dawa msikichemshe, kitapoteza nguvu. Kagueni pindo zake kwa tochi na kuondoa wadudu kwa mkono.

Kifungueni kitanda. Kunguni wengi hawakai kwenye godoro, wanakaa kwenye maungio ya mbao, matundu ya misumari, na kwa vitanda vya chuma ndani ya bomba lililo wazi mwishoni. Mwageni maji yanayochemka kabisa, birika baada ya birika, polepole kwenye kila ungio. Bomba lijazwe maji ya moto kisha lizibwe kwa mfuniko au gundi. Nyufa za ukuta karibu na kitanda zibeni kwa jasi.

Kwenye godoro wanakokaa ni pindo la ukingoni, chini ya lebo na kwenye mshono wa zipu. Tazameni vidoa vyeusi kama nukta za kalamu. Hicho ni kinyesi chao. Pigeni pindo lote kwa brashi ngumu juu ya beseni la maji ya sabuni. Halafu fungieni godoro ndani ya kava lenye zipu lisilo na tundu, mwisho wa zipu uzibwe kwa utepe wa gundi, na lisifunguliwe mwaka mzima. Aliyefungiwa anakufa njaa, ila anachukua miezi. Rudieni maji ya moto kwenye kitanda baada ya siku 10, na tena baada ya siku nyingine 10.

Kitanda kikae mbali na ukuta kwa kiganja kimoja, shuka lisiguse sakafu, na kila mguu usimame kwenye kopo lenye maji ya sabuni. Mkiona waliozama kwenye makopo, mnajua vita haijaisha. Magodoro ya kununua kwa wanaomaliza chuo, kagueni pindo kabla ya bei.

Mwanangu wa miaka 4 anakojoa kitandani. Naosha, naanika, harufu inarudi kila mvua ikinyesha. Naweza kutumia jiki? (Mama, Mpwapwa)

Jiki hapana, mama. Ikikutana na mkojo inatoa gesi inayochoma kifua, ikikutana na siki ndiyo mbaya zaidi, na sponji inaliwa nayo.

Harufu inarudi kwa sababu chumvi za mkojo zimebaki ndani na zikipata unyevu zinaamka. Unapomwaga maji mengi unazisukuma chini zaidi. Mkojo ukiwa bado mbichi, weka taulo kavu na ukalie, ubadilishe taulo mpaka litoke kavu. Usisugue. Changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, nyunyiza mahali hapo pekee mpaka palowe kwa juu, subiri dakika 15, kalia tena kwa taulo kavu. Kisha pakie baikaboneti ya soda, ule unga mweupe wa kuumulia keki, vijiko vinne au vitano vya chakula, uache hadi ukauke, upukute. Usichukue beking pauda badala yake. Ina wanga, itaacha utando unaonata.

Kinga ni makintoshi, yaani ule mpira mnaonunua wa kujifungulia, juu ya kava na chini ya shuka, sehemu ya katikati tu na siyo godoro zima. Miaka 4 bado ni umri wa kawaida kwa hili, mtoto asichapwe.

Tumehama na fuso mwezi Machi, mvua ikatukuta njiani kabla ya Manyoni. Godoro limelowa hadi ndani. Litupwe? (Msomaji, Manyoni)

Kama ni maji ya mvua, halitupwi. Vua kava. Lilaze, kanyaga kwa miguu safi kutoka katikati kwenda ukingoni. Usilikamue kwa kulisokota, sponji iliyolowa inachanika. Lisimamishe kwa ubavu juu ya matofali mawili mahali penye upepo na kivuli, maji yashuke, na kila baada ya saa chache badilisha ubavu wa chini. Hesabu siku mbili hadi nne. Uso hukauka mapema na kukudanganya, kwa hiyo lipime: kama uliandika kilo zake uliponunua, likirudi kwenye kilo hizo limekauka. Kama hukuandika, weka gazeti kavu katikati, pandisha tofali juu kwa dakika 15, uone kama linapata ubaridi au madoa. Lililolala na maji zaidi ya siku tatu na kuota ukungu ndani, au lililoingiwa na maji ya mafuriko yaliyopita chooni, hilo litupe.

La springi likilowa ni habari nyingine. Chuma kinashika kutu na pamba ya juu haikauki. Mara nyingi ndiyo basi.

Shule imeandika "godoro la deka". Ninunue inchi ngapi? (Mzazi, Kongwa)

Ukubwa wa kawaida ni mbili na nusu kwa sita. Pima chuma cha kitanda kama shule inaruhusu. Unene chukua inchi 4, hasa kama mtoto atalala juu, kwa sababu kizuizi cha pembeni kinatakiwa kibaki angalau inchi 5 juu ya uso wa godoro. Wazazi wanaonunua inchi 8 kwa mapenzi wanamwinua mtoto juu ya kizuizi. Sponji iwe nzito basi: mbili na nusu kwa sita inchi 4 ni futi za ujazo 5, kwa hiyo kilo 3 na nusu bila kitambaa. Andika jina kwenye sponji yenyewe kwa kalamu ya wino usiofutika, ndani ya zipu. Kava hubadilishwa usiku mmoja.

Nina gesti ya vyumba 14 karibu na stendi ya Nanenane. Magodoro ya zamani niyachome? (Mfanyabiashara, Nzuguni)

Usichome, moshi wake ni ule ule wa sumu tuliousema. Kagua kwanza kunguni. Yaliyo safi yafungue. Sponji huchoka katikati, kingo na pembe huwa bado nzima. Fundi makochi atakata kwa kisu kirefu chenye meno mito ya viti na matakia. Sehemu iliyokufa ikatwe vipande vidogo vya kujazia mito ya sakafuni. Yenye kunguni yafunge kwenye nailoni, yachane kitambaa kwa kisu ili asije mtu akayaokota kulalia, ndipo yapakiwe kwenye gari la taka.

Mapya utakayoingiza yaandike tarehe na namba ya chumba kwenye pembe moja, na mhudumu azungushe pembe hiyo kila mwanzo wa robo mwaka: Januari iwe kichwani kulia, Aprili miguuni kushoto, na kuendelea. Ukiingia chumbani unafunua pembe tu unajua kama kazi imefanyika.